Usione vyaelea: Ati programu isiyo na seva?

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alisimama mbele ya jopo la wahadhiri kutuonyesha matunda ya kazi yake. Alikuwa ameunda programu ndogo ya kuchanganua vitenzi vya Kiswahili. Unaiandikia neno "walimpikia", nayo inakurudishia viambishi vyake kimoja baada ya kingine, wa-li-m-pik-i-a, pamoja na maelezo ya kila kimoja. Tulilijaribu neno hili na lile, tukaitega kwa "hawajapikiana" na kwa "aliyemshonesha", na programu ikajibu barabara. Mwenzangu mmoja, mzee wa chaki asiyeacha jambo lipite hivi hivi, akamwuliza: "Programu yako hii iko wapi hasa?" Kijana akatabasamu. "Haiko popote, Daktari. Haina seva."

Jopo likacheka, mtihani ukaendelea na kijana akapita, tena kwa kustahili. Lakini mimi jibu lile halikunitoka akilini. Programu iliyotujibu ilikuwa ikiendeshwa mahali fulani, na mashine fulani, kwa umeme wa mtu fulani. Ikiwa kijana aliyeiunda kwa mikono yake haoni haja ya kujua ni wapi na ni nani, basi, walimu wenzangu, tuna jambo la kuzungumza kabla hatujalipeleka somo la usimbaji katika kila darasa la nchi hii.

Seva, kwa maneno mepesi, ni tarakilishi iliyopewa kazi ya utumishi: inangoja maombi kutoka kwa tarakilishi na simu nyingine, inayajibu, kisha inangoja tena. Ukitafuta matokeo ya mtihani, ukilipa karo kwa simu au ukisoma gazeti mtandaoni, iko seva mahali fulani inayokuhudumia. Zamani taasisi iliyotaka kutoa huduma ya aina hiyo haikuwa na budi kununua seva yake, kuitafutia chumba chenye kiyoyozi na jenereta ya dharura, na kumwajiri fundi wa kuitunza usiku na mchana. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha seva zake kwa saa kupitia mtandao, na watu wakazoea kusema kwamba programu zao ziko "winguni". Hata hivyo, aliyekodi alilipia kila saa, awe na wateja au asiwe nao, mithili ya mtu aliyekodi teksi ikamngoja nje ya ukumbi wa harusi usiku kucha.

Novemba 13, 2014, kampuni hiyo hiyo ilitangaza jambo jipya. Mwanaprogramu hakuhitaji tena kukodi seva nzima. Angeandika kipande cha programu chenye kazi moja tu, akikabidhi kwa kampuni, na kampuni ingekiendesha pale tu panapotokea tukio la kukiamsha: mtu amebofya kitufe, picha imepakiwa, au saa iliyopangwa imefika. Kazi ikiisha, kipande hicho kinalazwa. Malipo ni ya muda uliotumika tu, nao tangu Desemba 2020 hupimwa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Microsoft ilifuata kwa huduma yake mwaka 2016, na Google nayo haikukawia. Huduma hizi zikajulikana ulimwenguni kwa jina la huduma zisizo na seva, jina ambalo lilikuwa limeanza kutumika miongoni mwa wanaprogramu wa Marekani tangu mwaka 2012.

Amazon iliipa huduma yake jina la Lambda, herufi ya Kigiriki, na kwetu sisi wanaisimu herufi hiyo si ngeni. Katika miaka ya 1930 mwanamantiki Alonzo Church aliitumia kuandikia kanuni zinazopokea kitu kimoja na kurudisha kingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 uchambuzi wa Richard Montague kuhusu maana za sentensi uliiingiza katika taaluma yetu. Programu ya mwanafunzi wangu ni kanuni ya namna hiyo hasa: inapokea kitenzi, inarudisha viambishi. Kwa kuwa sijapata jina la Kiswahili lililokubaliwa na wote kwa kipande cha programu cha aina hii, hapa nitakiita kijikazi. Msomaji mwenye sikio atatambua kwamba neno hilo linakaribiana mno na "kijakazi". Mfanano huo hauniudhi. Kijikazi huitwa, hutumwa, hutumika, kisha huondoshwa. Hakimiliki chochote, na hakitakiwi kukumbuka ni nani aliyekituma jana.

Walio mashambani watalielewa jambo hili upesi kuliko maprofesa. Fikiria kinu cha kusaga mahindi sokoni, au kisiagi kama wengi wanavyokiita. Mama anabeba debe lake la mahindi, anapanga foleni, anasagiwa, analipa kwa kilo na kurudi nyumbani na unga. Hanunui kinu, hanunui dizeli, wala hamlipi fundi mwezi mzima. Siku asiyokuwa na mahindi, halipi hata senti moja. Ndivyo kijikazi kilivyo: mahindi ni data yako, namna unavyotaka yasagwe ni programu yako, na kinu ni cha wenyewe. Lakini sijawahi kumsikia mama yeyote akirudi kutoka sokoni na kuwaambia watoto wake kwamba ameleta unga usio na kinu.

Kabla ya kulaumu, haki inatutaka tuupime wema wa kitu hiki, nao si mdogo. Chukua siku ya kutangazwa kwa matokeo ya KCSE. Mtihani wa mwaka 2024 ulikuwa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Sisemi kwamba baraza la mitihani hutumia vijikazi. Nafanya hesabu tu ya kujifunzia. Tuseme kila mtahiniwa, pamoja na wazazi, shangazi na wajomba wake, anayatafuta matokeo yake mara kumi kwa siku moja. Hayo ni maombi milioni 9.6. Lambda katika vituo vyake vya jimbo la Virginia hutoza senti 20 za Marekani kwa kila maombi milioni moja, kwa hivyo maombi yote yatagharimu dola 1.92. Kila ombi likichukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kumbukumbu ya megabaiti 128, muda wa mashine utagharimu takriban dola mbili. Jumla haifiki dola nne, yaani kama shilingi 500 za Kenya. Gharama za kuhifadhi matokeo, za lango la kupokelea maombi na za kusafirisha data ni mbali, nazo huweza kuuzidi ujira wa kijikazi chenyewe. Hata hivyo, msomaji ameona. Seva ya kununua, yenye uwezo wa kuhimili kishindo cha siku ile moja, ingegharimu fedha nyingi, kisha ingekaa siku zilizobaki za mwaka ikila umeme na kuota vumbi.

Hii ndiyo sababu vijana wetu wameipenda huduma hii. Mwanafunzi asiye na mtaji, mwenye kipakatalishi cha mkono wa pili na wazo zuri, anaweza leo kuuonyesha ulimwengu wote kazi yake. Maombi milioni moja ya kwanza ya kila mwezi Lambda haiyatozi. Katika nchi ambamo mtaji ndio ukuta wa kwanza anaougonga kijana, huo ni mlango uliofunguliwa, na mwalimu anayeubeza haitendei haki nafasi yake.

Shida huanza pale jina linapomfanya mtu aamini kwamba kinu hakipo. Kinu kipo, na kina tabia zake. Kijikazi ambacho hakijaitwa kwa muda hulazwa, na kikiitwa tena huchelewa kidogo kuamka, kama gari lililolala nje usiku wa baridi kule Limuru. Ndiyo maana neno la kwanza tuliloiandikia programu ya mwanafunzi wangu lilikawia, na yaliyofuata yakaja kwa haraka. Kijikazi cha Lambda hakiruhusiwi kufanya kazi kwa zaidi ya dakika 15 kwa mwito mmoja. Kabla ya Oktoba 2018 kikomo kilikuwa dakika tano. Mwenye kinu ndiye aliyeweka kikomo hicho, akakibadilisha alipotaka, na mteja akakipokea.

Kisha kuna bei. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo haichagui ni kibaba cha nani kinachojaa. Juni 2024 Cara, mtandao wa wasanii wa picha ulioanzishwa na mpiga picha Jingna Zhang, ulipata umaarufu wa ghafla. Watumiaji wake waliruka kutoka kama 40,000 hadi zaidi ya 600,000 kwa muda wa wiki moja hivi. Vijikazi vikafanya kile vilichoumbiwa: vikaongezeka kadiri wageni walivyoongezeka, pasipo kumwuliza mtu. Ankara iliyomfikia ilikuwa ya dola 96,280. Seva moja ya kukodi ingezidiwa, mtandao ungekwama, na wageni wangengoja au wangeondoka. Hiyo nayo ni hasara, lakini ni hasara yenye ukomo. Wepesi wa kijikazi haujui ukomo usipouwekea mwenyewe.

Hata jamaa wa nyumbani wamewahi kufanya hesabu upya. Machi 2023 wahandisi wa Prime Video, idara ya filamu ya Amazon yenyewe, walieleza hadharani kwamba walikuwa na mfumo wa kukagua ubora wa picha na sauti uliojengwa kwa vijikazi na huduma ndogo ndogo zilizounganishwa. Walipouunganisha kuwa programu moja inayoendeshwa kwenye seva za kawaida za kukodi, gharama yake ilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Sababu haina uchawi. Kazi yao ilikuwa ya mfululizo, usiku na mchana, na mtu mwenye magunia ya kusaga kila saa ya kila siku hafaidiki kwa kulipa kwa kilo.

La tatu ni utegemezi. Siku ya Juni 13, 2023, huduma ya Lambda katika vituo vya Virginia iliyumba kwa saa kadhaa, na programu nyingi zilizoitegemea zikayumba nayo. Kubwa zaidi lilitokea Oktoba 20, 2025. Sisi hapa tulikuwa katika Sikukuu ya Mashujaa. Muda mfupi kabla ya saa nne asubuhi kwa saa zetu, mfumo unaojiendesha wa kusimamia anwani za hifadhi ya data iitwayo DynamoDB, huko huko Virginia, ulifanya kosa na kuiacha anwani moja muhimu ikiwa tupu. Mashine zilikuwepo, data ilikuwepo, ila hakuna aliyejua njia ya kuifikia. Kosa hilo likaambukiza huduma nyingine, Lambda ikiwa miongoni mwazo, na ilichukua saa nyingi kabla mambo kurudi sawa. Canvas, mfumo ambao vyuo vingi vya Marekani huutumia kugawa masomo na kukusanya kazi za wanafunzi, ulikwama. Wanafunzi ambao hawajawahi kulisikia jina la DynamoDB walishindwa kufungua mazoezi yao siku hiyo. Wala hawakuwa na mtu wa kumgongea mlango.

Nasi tuna njia yetu wenyewe ya kukatikiwa. Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ya Kenya, Tanzania, Uganda na majirani ikazorota kwa siku kadhaa. Kijikazi kilichokuwa katika kituo cha data cha Cape Town au Ulaya hakikuwa na kosa lolote siku hiyo. Kilikuwa macho, kikingoja kuitwa. Ni sauti ya mwitaji iliyokosa njia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Na wao walikuwa wakimzungumzia ndugu wa karibu, seuze aliye ng'ambo ya bahari.

Hapa ndipo ninapoomba ruhusa ya kurudi katika taaluma yangu, kwa sababu naamini kwamba sehemu ya tatizo hili ni ya lugha. Magari ya kwanza yalipoonekana Uingereza, watu waliyaita magari yasiyo na farasi. Jina hilo lilikuwa la kweli: ungefungua boneti usimkute farasi. Jina la huduma hizi limeundwa kwa kiambishi kile kile cha Kiingereza cha kukanusha, lakini ukifungua boneti unazikuta seva kwa maelfu, zimepangwa safu kwa safu katika majumba yasiyo na madirisha. Kilichokanushwa si kuwepo kwa seva. Kilichokanushwa ni shughuli ya mwanaprogramu ya kuishughulikia. Lugha ya kibiashara imeuchukua usumbufu uliohamia kwa mtu mwingine na kuuita usumbufu uliotoweka.

Kiswahili kingetuepusha na kosa hilo lau tungekisikiliza. Kwetu "sina seva" na "hakuna seva" ni kauli mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inahusu umiliki, ya pili inahusu kuwepo. Asiye na shamba hawezi kusema kwamba hakuna shamba, hasa ikiwa kila jioni anakula mahindi ya shamba la jirani. Mwanafunzi wangu angesema "Mimi sina seva, Daktari", swali la pili lingezaliwa lenyewe: basi ni ya nani?

Tena tazama kauli zetu za vitenzi. Mwenye kinu anasaga. Mama mwenye debe anasagisha. Fundi anashona, mwenye kitambaa anashonesha. Kinyambuo hicho kimoja kinatangaza kwamba yupo mtendaji mwingine, wala mzungumzaji hawezi kumficha akitaka asitake. Sasa chukua kitenzi "enda". Programu inakwenda. Mwanaprogramu aliye na mashine yake anaiendesha. Yule anayeikabidhi kwa kampuni iliyo ng'ambo anaiendeshesha. Katika -enda, -endesha na -endeshesha imo historia yote ya miaka 20 iliyopita, na kila hatua inaonyesha mkono ulioongezeka. Sidai kwamba "kuendeshesha programu" ndilo jina litakaloshinda. Maneno huchaguliwa na wasemaji, hayachaguliwi na wahadhiri. Ninachodai ni kwamba tukiwafundisha wanafunzi dhana hii kwa Kiswahili, tuwafundishe kwa maneno yanayomwonyesha mwenye mashine. Neno "seva" lenyewe tumelikopa bila mzizi wake. Mwingereza akilisikia, husikia ndani yake utumishi na mtumishi. Sisi husikia sauti tu. Tukiongeza "bila" juu ya sauti hiyo, tumekanusha kitu ambacho hata hatukuwa tumekiona.

Je, suala hili lina uzito gani nje ya ukumbi wa mihadhara? Lina uzito wa sheria. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka masharti juu ya kupeleka data za watu nje ya nchi. Kifungu chake cha 50 kinampa Waziri uwezo wa kuagiza kwamba aina fulani za kazi zifanywe tu kupitia seva au kituo cha data kilichomo nchini Kenya. Seva, imetajwa waziwazi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2021 chini ya sheria hiyo ziliorodhesha kazi zenye maslahi ya kitaifa, zikiwemo usajili wa raia, uchaguzi, matibabu, na, walimu wenzangu sikieni, utoaji wa elimu ya chekechea na elimu ya msingi. Data za kazi hizo zinatakiwa zishughulikiwe katika seva na kituo cha data kilichomo nchini, au angaa nakala yake moja inayotumika iwekwe katika kituo cha data cha humu nchini.

Sasa mfikirie mwalimu mkuu anayeletewa na kijana mwerevu mfumo wa kutunza majina ya wanafunzi, alama zao, nambari za simu za wazazi na maradhi ya watoto. Anauliza, kama inavyompasa, "Data hizi zitakaa wapi?" Anajibiwa: "Usijali, mfumo hauna seva." Mwalimu anaridhika, kwa kuwa kitu kisichokuwepo hakiwezi kuvunja sheria. Kumbe majina ya watoto 600 yamo katika mashine za nchi nyingine, na mwenye kuwajibika kisheria ni shule. Jibu lile ambalo kwetu lilikuwa la kuchekesha, kwake linaweza kumfikisha mbele ya Kamishna wa Data.

Wapo watakaosema kwamba natia chumvi, na kwamba nataka kila shule ijenge chumba cha seva. La hasha. Chumba cha seva kisicho na fundi wala umeme wa uhakika ni hatari kuliko kituo cha data cha Cape Town chenye walinzi na wahandisi. Nimeona seva za taasisi zetu zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa chini ya meza, nywila yake imebandikwa ukutani. Kukodi kinu cha mwenzako si aibu. Lakini kuna vinu vya karibu pia. KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, una seva zake humu humu, na Konza kuna kituo cha data cha taifa. Aidha, zipo programu huria, kama vile OpenFaaS na Knative, zinazomwezesha mtu kuendesha vijikazi katika mashine aliyoichagua mwenyewe, iwe ya Nairobi au ya ng'ambo. Kijikazi kilichoandikwa kwa namna ya kuhamika kinampa mwenyewe uwezo wa kubeba debe lake na kwenda kinu kingine. Kilichofungamana na huduma za kampuni moja hakina pa kwenda. Waulizwe waliotumia Zimki, huduma ya aina hii iliyoanzishwa London mwaka 2006, miaka minane kabla ya Lambda, nayo ikafungwa mwaka 2007.

Lililo mikononi mwetu ni mafunzo. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na za sekondari, na vyuo vyetu vinatoa wanaprogramu kila mwaka. Napendekeza kwamba mwanafunzi asifundishwe kijikazi kabla hajaishika seva kwa mkono wake. Haihitaji fedha nyingi. Tarakilishi kuukuu iliyotupwa katika stoo ya shule inaweza kugeuzwa kuwa seva ya darasa moja kwa alasiri moja. Acha watoto waitume maombi kutoka kwenye vishikwambi vyao, wasikie feni yake ikinguruma wote wanapoituma kwa pamoja, kisha mwalimu aichomoe waya wa umeme mbele yao. Baada ya somo hilo hakuna atakayeamini tena kwamba programu haiko popote.

Baadaye, anapofika katika vijikazi, afundishwe kuambatanisha na kila kazi yake majibu ya maswali manne: mashine iko wapi, ni ya nani, bei itakuwaje wageni wakiwa mara mia moja, na njia ikikatika, nini kitaendelea kufanya kazi. Mhandisi wa majengo hakubaliwi kuleta mchoro usioonyesha msingi. Kwa nini mwanaprogramu akubaliwe?

Nasi katika idara yetu tulianza na yule kijana. Katika masahihisho ya tasnifu yake tulimtaka aongeze aya moja tu, yenye majibu ya maswali hayo. Alirudi baada ya wiki akiwa na aya hiyo na haya kidogo usoni. Aligundua kwamba, alipokuwa akijisajili, aliteua kituo kilichokuwa kimekwisha chaguliwa kwenye ukurasa, bila kukisoma. Kila kitenzi tulichokiandika katika ukumbi ule wa Nairobi kilivuka bahari hadi Ireland, kikakatwakatwa viambishi huko na kurudi kwetu, yote kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho mara mbili. Alishangaa kuliko sisi, kisha akauliza kama idara ina tarakilishi yoyote isiyotumika. Tunayo moja, stoo, na funguo amekwisha pewa.